Kufuga funza wa unga Mtwara na Lindi: mwongozo kamili, kutoka yai hadi mbawakawa

Mfugaji wa kuku wa kienyeji au kware huku Kusini halalamikii wanga. Mahindi yapo, muhogo upo, pumba zinapatikana kwenye kila mashine ya kusaga kuanzia Masasi hadi Kilwa. Kinachomsumbua ni protini. Soya inatoka mbali, na dagaa wana tabia zao: mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti kitu, dagaa wanaadimika na bei inapanda siku hiyohiyo. Ndiyo maana baadhi ya wafugaji wameanza kutazama wadudu.

Ninayemzungumzia hapa ni funza wa unga, anayeitwa kitaalamu Tenebrio molitor. Akikaushwa, karibu nusu ya uzito wake ni protini na karibu theluthi ni mafuta. Hanuki, hapigi kelele, na maisha yake yote anayamaliza ndani ya pumba kavu kwenye beseni.

Niseme mapema asije mtu akaingia hasara. Mwenye kuku mia tatu wa mayai asitegemee mdudu huyu kuwalisha. Kwa kiasi hicho, funza wa inzi askari mweusi wanaokula mabaki ya sokoni wanafaa zaidi, ukivumilia harufu. Funza wa unga anamfaa mwenye vifaranga kadhaa, kware, ndege wa kufugwa au bwawa dogo la samaki, na anayetaka kitu kisafi cha kufugia nyumbani. Na anamtaka mtu mwenye subira, maana ukianza leo hutavuna cha maana kabla ya miezi minne au mitano.

Wanaoshindwa mara nyingi hawashindwi kwenye chakula. Wanashindwa kwa sababu wamewaweka wadudu wa kila umri kwenye beseni moja. Mbawakawa, yaani mdudu huyu akishakuwa mzima, anakula mayai aliyoyataga mwenyewe. Funza anamtafuna pupa, yaani mdudu aliye kati ya hatua ya funza na ya mbawakawa, ambaye hawezi kukimbia. Ukiwachanganya, kizazi kinajila chenyewe huku wewe unaendelea kuongeza pumba. Kazi kubwa ya ufugaji huu ni kutenganisha marika, na ili uwatenganishe lazima ujue kila rika linachukua muda gani.

Maisha yake kwa ufupi

Yai ni jeupe, lina urefu usiofika milimita 2, na lina unatonato unaolifanya lishikwe na vumbi la pumba. Kwa hiyo hutaliona. Usipoteze muda kulitafuta. Kwenye joto la nyuzi 26 hadi 30 linaweza kuanguliwa baada ya siku nne tu. Joto likiwa chini ya nyuzi 20 linachukua siku kumi na zaidi.

Funza anatoka akiwa mweupe, mwembamba kama uzi. Anakula, anakua, anajivua gamba, anakula tena. Atajivua kati ya mara 9 na 20 kabla hajakomaa, na yale maganda makavu ya kahawia utakayoyaona juu ya pumba ndiyo magamba yake. Si mizoga. Kila akitoka kujivua anakuwa mweupe na laini kwa saa chache, kisha rangi ya dhahabu inarudi. Kwenye joto zuri na chakula cha kutosha anakomaa kwa wiki 10 hadi 12 hivi, akiwa na urefu wa sentimita 2.5 hadi 3. Kwenye baridi au njaa anaweza kujivuta miezi mingi.

Pupa ni mweupe mwenye kujikunja, hana mdomo wa kulia wala miguu ya kutembelea. Anachoweza ni kutikisa mkia ukimgusa. Hatua hii inachukua wiki moja hadi tatu, na kwa joto la pwani mara nyingi ni siku saba hadi kumi.

Mbawakawa anatoka akiwa mweupe, anageuka kahawia nyekundu, kisha mweusi ndani ya siku chache. Ana mabawa lakini kwenye beseni hutamwona akiruka. Baada ya wiki moja hadi mbili anaanza kutaga. Anaishi miezi miwili hadi mitatu, na jike mmoja anaweza kutaga mayai kati ya 250 na 500.

Vyombo na mahali pa kuviweka

Beseni la plastiki lenye kuta laini linatosha. Dumu la mafuta la lita 20 lililokatwa ubavu linafanya kazi ileile kwa bei ndogo, ila lioshwe kwa sabuni mpaka mafuta yaishe. Funza na mbawakawa hawawezi kupanda plastiki laini na kavu. Ukuta wenye urefu wa sentimita 10 juu ya pumba unawazuia. Sanduku la mbao sikushauri: wanapanda, na funza hutoboa mbao laini anapotafuta pa kugeukia pupa.

Juu funika kwa wavu wa dirishani au kipande cha chandarua kisichotiwa dawa. Hilo la dawa lina uzito wake, kwa sababu vyandarua vingi vinavyogawiwa vimetiwa kiuatilifu ambacho kazi yake ni kuua wadudu, na wako ni wadudu. Usifunike kwa mfuniko usiopitisha hewa; jasho litajikusanya chini yake na ukungu utafuata.

Anza na mabeseni matano: moja la mbawakawa, moja la pupa, matatu ya funza wa umri tofauti. Bandika karatasi kwenye kila moja na uandike tarehe. Ukikosa tarehe hutajua lipi la kuvunwa na lipi la kuachwa.

Mahali pawe na kivuli na hewa. Joto analolipenda ni nyuzi 25 hadi 28, ambalo Mtwara mjini, Mikindani na Lindi tunalipata sehemu kubwa ya mwaka bila kuwasha chochote. Tatizo letu ni bati. Chumba chenye bati bila dari, mchana wa Novemba kabla mvua hazijaanza, kinaweza kupita nyuzi 35, na hapo mayai yanaharibika na funza wanaanza kufa. Banda la makuti ni bora. Kama una bati tu, weka mabeseni chini karibu na sakafu, upande usiopigwa na jua la alasiri.

Usiwaweke stoo ya chakula. Huyu kwa asili ni mdudu mharibifu wa nafaka na unga uliohifadhiwa. Watu wa vijijini wameshachoshwa na dumuzi kwenye mahindi yao. Usiwaongezee mgeni mwingine.

Pumba, na dawa iliyomo ndani yake

Chakula kikuu ni pumba, nazo ndizo pia nyumba yao. Pumba za ngano ndizo bora, lakini huku zinapatikana zaidi kwenye maduka ya vyakula vya mifugo mjini. Pumba za mahindi zinafaa na zipo kila mahali. Ongeza mashudu ya alizeti au ufuta kidogo, tuseme sehemu moja kwa sehemu tisa za pumba, ili wapate protini. Ukizidisha, mafuta yake yanachacha. Unga wa muhogo peke yake haufai: ni wanga mtupu na funza watadumaa.

Sasa jambo ambalo miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nyingine haiwezi kukuambia. Mahindi mengi yanayohifadhiwa vijijini yamechanganywa na dawa ya vumbi dhidi ya fukusi na dumuzi. Yakikobolewa, dawa iliyoshika kwenye ganda la punje inabaki kwenye pumba. Mfugaji ananunua kiroba, anamwaga beseni zima, na baada ya siku mbili funza wote wamelala chali. Kwa hiyo kila kiroba kipya kijaribiwe: chukua konzi mbili, weka funza kumi na kipande cha karoti, subiri siku nne. Wakiwa hai na wanakula, tumia. Wakilegea, pumba hizo zirudishe au uzitupe, na usiwape kuku.

La pili ni mikorosho. Kuanzia Juni mabomba ya kupulizia dawa yanavuma mashambani, Newala, Tandahimba, Masasi, Nachingwea. Salfa ya kuzuia ubwiriunga ni shida ndogo kwa funza wako ukilinganisha na viuatilifu vya maji vinavyopigwa dhidi ya mbu wa mikorosho, ambavyo vimetengenezwa kuua wadudu. Kama nyumba yako iko katikati ya mikorosho, ulizia jirani anapiga lini na siku hiyo funga madirisha ya upande wa upepo. Mifuko iliyobeba salfa au dawa nyingine isiguse pumba zako hata kama imefuliwa.

Pumba zenye harufu ya uvundo au madoa ya kijani na meusi usinunue kwa bei yoyote. Ukungu wa mahindi unaleta sumukuvu, na chochote kilicho kwenye pumba kinaishia pia tumboni mwa funza anayeliwa na kifaranga wako. Pumba nzuri zikague, zikaushe, kisha zipashe moto kwenye sufuria kubwa kwa moto mdogo huku ukigeuza mpaka ziwe za moto sana mkononi. Hilo linaua fukusi na utitiri waliokuja nazo. Acha zipoe kabisa ndipo utumie.

Maji usiwawekee kwenye kisahani, watazama. Wape kipande cha karoti, kiazi kitamu, boga au ganda la papai bichi, kikiwa kimelazwa juu ya kifuniko cha chupa ili unyevu usiingie kwenye pumba. Mabibo yanafaa msimu wake kwa kipande chembamba, ila yanachacha haraka na yatakuitia inzi na sisimizi kabla funza hawajamaliza. Binafsi siyapendi kwa kazi hii. Mabaki yaondolewe kesho yake, yawe yameisha au hayajaisha.

Kupata mbegu

Nunua kwa mfugaji aliyeko nchini. Kubeba wadudu hai kuvuka mpaka wa Ruvuma au bandarini bila kibali cha mamlaka ya afya ya mimea ni kosa, na huwezi kujua unaingiza nini kingine pamoja nao.

Funza mia tano wanatosha kuanzia. Wana uzito wa gramu 50 hadi 75 tu. Mmoja aliyekomaa ana gramu 0.1 hadi 0.15, kwa hiyo anayekuuzia kilo anakupa karibu elfu saba au zaidi. Chagua wanaojinyonganyonga ukiwagusa, wenye rangi ya dhahabu. Weusi na waliolegea wamekufa.

Angalia pia usiuziwe spishi nyingine. Kuna funza wakubwa zaidi, sentimita 5 na kuendelea, Zophobas morio. Hao ni chakula kizuri, lakini wakiwekwa pamoja hawageuki pupa kabisa. Kila mmoja lazima atengwe kwenye kijichombo chake. Utasubiri mwaka mzima ukidhani umerogwa.

Beseni la mbawakawa

Hapa ndipo mradi wote unaposimama au kuanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Weka pumba zenye kina cha sentimita 3. Beseni lenye kipenyo cha sentimita 40 linachukua mbawakawa mia mbili hadi mia tatu bila msongamano. Juu weka kipande cha trei ya mayai ya karatasi: wanapenda giza na watajificha chini yake. Wape karoti au ganda la papai mara tatu kwa wiki, kwa sababu mbawakawa mwenye kiu anataga kidogo na anageukia mayai.

Kila baada ya siku 14, wahamishe. Chukua chekeche lenye matundu ya milimita 2 au 3, mimina kila kitu, tikisa. Pumba na mayai vinapita, mbawakawa wanabaki juu. Wapeleke kwenye beseni jipya lenye pumba mpya. Lile la zamani liandike tarehe ya kuhamisha, lifunike, na uliache. Ndani yake kuna kizazi kipya ingawa utaona pumba tu. Kuna anayeona hamna kitu, anazimwaga kwa kuku, na anapoteza maelfu ya mayai.

Kwa nini 14 na si 30? Kwa sababu kwenye joto letu mayai ya wiki ya kwanza yameshaanguliwa ifikapo wiki ya pili, na mbawakawa anakula funza wachanga kama anavyokula mayai. Kuchelewa pia kunakupa beseni lenye funza wa ukubwa tofauti, na hao hawavuniki pamoja.

Mbawakawa wakifika miezi miwili, utagaji unapungua. Waondoe na uweke wapya. Kuku hawawafurahii sana. Wana harufu kali wanayoitoa wakibanwa. Bata hawachagui.

Funza wachanga mpaka kuvuna

Wiki mbili za mwanzo usiguse beseni la mayai isipokuwa kuweka kipande chembamba cha karoti juu ya pumba. Wiki ya tatu au ya nne lisogeze kwenye mwanga na utazame kwa makini: uso wa pumba unatikisika wenyewe. Wiki ya tano au ya sita utawaona waziwazi.

Kuanzia hapo wanakula kwelikweli. Kwa makadirio, kilo moja ya funza hai imekula kama kilo mbili za chakula kikavu. Pumba zikigeuka vumbi laini kama mchanga, hicho si chakula tena, ni kinyesi. Chekecha, rudisha funza kwenye pumba mpya. Usichekeche kabla ya wiki ya sita, maana wadogo watapita pamoja na kinyesi.

Rundo lisizidi kina cha sentimita 5. Funza wengi waliobanana wanatoa joto wao wenyewe, na katikati ya rundo panaweza kuwa na joto kuliko chumba kwa nyuzi kadhaa. Ingiza kidole: ukihisi moto, wagawe mabeseni mawili siku hiyohiyo.

Vumbi la kinyesi na magamba linawasumbua wenye pumu. Na kama wewe ni yule anayewashwa koo au kuvimba akila kamba au kaa, vaa barakoa na glavu unapochekecha, kwani mwili wa wadudu hawa una vitu vinavyofanana na vile vya kamba.

Pupa

Funza waliokomaa watapunguza kula, watapanda juu na kujikunja. Kuanzia hapo kagua kila siku ya pili. Okota pupa kwa kijiko, si kwa vidole vilivyokaza. Ngozi yao ni laini na mkwaruzo unawaua. Waweke kwenye beseni lao lenye pumba nyembamba au karatasi tu. Hawahitaji chakula. Wanahitaji hewa isiyokauka mno, jambo ambalo pwani si shida. Pupa aliyegeuka mweusi au kahawia na hatikisiki amekufa, mwondoe.

Mbawakawa wakianza kutoka, waokote kila siku ya pili na uwapeleke kwenye beseni la kutagia, kabla hawajaanza kutafuna wenzao ambao bado ni pupa.

Kalenda yetu

Tuseme umenunua funza wakubwa tarehe 1 Juni. Mwisho wa mwezi wengi ni pupa. Katikati ya Julai una mbawakawa, mwisho wa Julai wanataga. Kipupwe, usiku joto linashuka hadi nyuzi 20 hivi pwani, na chini zaidi huko juu Newala, kwa hiyo mambo yanaenda taratibu. Mtu wa uwanda wa Makonde aongeze wiki mbili tatu kwenye kila hesabu. Mavuno ya kwanza yanaangukia mwishoni mwa Oktoba au Novemba, wakati watu wanahangaikia minada ya korosho.

Mavuno hayo usiyale yote. Bakiza angalau nusu iwe mbegu, na uchague walio wakubwa na waliotangulia kukomaa. Kizazi cha pili ukishapata mabeseni manne au matano yanayopishana wiki mbilimbili, kubakiza sehemu moja ya kumi kunatosha.

Desemba hadi Aprili, mvua. Huu ndio wakati wa hasara kwa wafugaji wa pwani. Hewa yenyewe imebeba maji, na funza wa unga ana uwezo wa kunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hiyo punguza karoti hadi mara moja kwa wiki au acha kabisa. Pumba zikishikana mabonge zibadilishe. Ukiona vumbi la rangi ya maziwa linalotembea kwenye ukingo wa beseni, hao ni utitiri. Chekecha funza, choma pumba zote, osha beseni kwa maji ya moto, lianike juani, anza na pumba kavu bila mboga kwa wiki nzima.

Sisimizi hawana msimu. Weka meza miguu yake ndani ya makopo yenye maji na tone la sabuni, na hakikisha meza haigusi ukuta. Mjusi na panya wavu unawatosha, panya akiwa mkaidi weka wavu wa chuma.

Kulisha

Siku moja kabla ya kuvuna, waache funza bila mboga, kisha wachekeche. Vifaranga wa wiki mbili wape waliokatwakatwa, wachache, wasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Wana mafuta mengi, na kifaranga akizoeshwa atakataa chakula kingine.

Kasoro yao kubwa ni kalsiamu. Fosforasi waliyonayo inazidi kalsiamu zaidi ya mara kumi, na kuku anayetaga akipewa hawa bila nyongeza atatoa mayai ya ganda laini. Pwani tuna dawa ya bure: maganda ya chaza na kome. Yaoshe, yakaushe, yasage, wawekee kuku pembeni wadonoe wenyewe. Chokaa ya kupaka ukuta si mbadala, inaunguza.

Ukivuna wengi kuliko mahitaji, walio hai wanakaa kwenye jokofu upande usio na baridi kali, nyuzi 7 hadi 10, kwa wiki kadhaa. Watoe mara moja kwa wiki wale karoti. Umeme ukikatika saa chache hawadhuriki. Njia nyingine ni kuwachemsha dakika tatu, kuwachuja na kuwaanika kwenye mkeka mpaka wavunjike ukiwabana, ndipo wahifadhiwe kwenye chombo kisichopitisha hewa.

Kinyesi ni mbolea nzuri ya mchicha na majani ya maboga. Kabla hujakipeleka bustanini kimwagie maji yanayochemka, kwa kuwa hakikosi mayai na vifunza vilivyopita kwenye chekeche, na ghala la mahindi la jirani liko hatua chache kutoka kwenye tuta lako.